Kwa nini Kiingereza hakina "oneth" wala "twoth"? Asili ya first, second, third na wenzao

Msomi wa Korogwe

Wakuu, salaam kwenu.

Kila anayejifunza Kiingereza hufika mahali akakwama hapa: four inazaa fourth, six inazaa sixth, ten inazaa tenth. Sasa one na two zimekosa nini? Darasani wengi wetu tulijibiwa "ndivyo ilivyo, kariri", tukakariri. Naanzisha uzi huu kwa sababu jibu lipo, tena linajulikana vizuri. Maandishi ya Kiingereza ya zaidi ya miaka elfu moja bado yapo, na mtu anaweza kuyafuata maneno haya karne kwa karne akaona yalivyobadilika.

Niseme kwanza lililo kubwa kuliko yote: first na second hazikutokana na kuhesabu. First ni neno la mahali. Second ni neno la mwendo. Hesabu yenyewe inaanzia kwenye third.

Tuanze na FIRST. Kiingereza kina neno la zamani, fore, maana yake mbele. Unalikuta ndani ya before, forward, na forehead, yaani paji la uso. Halafu kuna kile kiambishi -st cha kwenye best, most na biggest, kinachobeba maana ya "kuliko wote". Ukiviunga unapata "aliye mbele kuliko wote". Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1066, kiliandika fyrst au fyrest. Ndiyo first ya leo.

Sasa angalieni next na last. Next ni "aliye karibu kuliko wote", limetoka kwenye neno lile lile lililotupa near. Last ni "aliyechelewa kuliko wote", limetoka kwenye late. Kwa hiyo first, next na last ni ndugu wa tumbo moja, wote watatu wanaishia na -st ile ile. Hakuna hata mmoja mwenye namba ndani yake.

Tena first haikuwa peke yake. Walikuwa pia na ærest, "wa mapema kuliko wote", na forma. Hiyo forma ilikufa kama neno la kusimama lenyewe, lakini iliacha watoto wawili tunaowatumia hadi leo: former na foremost.

SECOND nayo ina kisa chake. Waingereza wa kale hawakuwa na neno hili kabisa. Kwa maana ya "wa pili" walisema other. Ndiyo, other hii hii ya "mwingine". Mtu wa kwanza alikuwa fyrst, wa pili alikuwa other, wa tatu thridda. Mabaki yake bado yapo kinywani mwa kila Mwingereza: anaposema "every other day" ana maana ya kila siku ya pili, yaani leo ndiyo, kesho hapana, keshokutwa ndiyo.

Baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, na maneno yake yakamiminika. Kufikia miaka ya 1300 second ilikuwa imeshaingia. Kifaransa kililitoa kwenye Kilatini secundus, "anayefuata", kutokana na kitenzi sequi, kufuata. Sequence, sequel na consequence zimetoka shina hilo hilo. Kwa hiyo second si "namba mbili" bali ni "afuataye".

Na hili ndilo linalonivutia zaidi: kuanzia first hadi thousandth, second ndiyo namba ya nafasi pekee ambayo Kiingereza kilikopa. Nyingine zote ni za nyumbani. Sababu inayotolewa ina mantiki kabisa. Other ilikuwa inabeba mizigo miwili. Ukisema "the other man", ni yule mwingine au yule wa pili? Lilipopatikana neno la kigeni lisilo na utata, wakaliacha lao lifanye kazi moja.

Nitarudi na third, fifth na twelfth. Mwenye nyongeza au swali karibu.

Bint Likoni

Asante sana kaka kwa mada. Hapo kwenye other umenigusa, kwa sababu sisi tunafanya jambo hilo hilo ila kwa kugeuza. Waingereza walichukua "mwingine" wakaifanya "wa pili". Sisi tunachukua "pili" tunaifanya "nyingine". Mtu akisema duka liko upande wa pili wa barabara hamaanishi kwamba pande zimehesabiwa, anamaanisha upande ule mwingine. Ng'ambo ya pili vilevile. Hapa kwetu ukivuka feri kutoka Likoni unakwenda ng'ambo ya pili, na aliye kisiwani naye akivuka kuja kwetu anakwenda ng'ambo ya pili. Kila mtu ya kwake ni ya mwenzake.

Na kwanza yetu je? Si ni ku-anza tu? Wa kwanza ni wa kuanza. Nayo haina "moja" ndani.

Msomi wa Korogwe

Dada yangu Bint Likoni, umesema kweli tupu. Kwanza ni kuanza, haina uhusiano wowote na moja. Pili yetu lakini ni namba halisi, ni ndugu ya -wili ya wawili na viwili, na mbili pia. Kwa hiyo Kiswahili kinaanza kuhesabu mapema kidogo kuliko Kiingereza: sisi tunaanzia kwenye pili, wao kwenye third.

Kuna tofauti nyingine inayowasumbua wanafunzi wetu bila wao kujua. First ya Kiingereza ina miguu. Utaikuta kwenye 21st, 31st, 101st: twenty-first, thirty-first. Kwanza yetu haitoki mahali pake. Husemi "mwaka wa ishirini na kwanza", unasema "wa ishirini na moja". Ndiyo maana mwanafunzi akifikiri kwa Kiswahili anaandika "twenty-oneth". Amefuata kanuni ya lugha yake sawasawa.

Kijana wa Ilala

Mkuu uzi mzuri sana huu. Swali: kama second ni "afuataye", imekuwaje tena ikawa second ya kwenye saa? Sekunde sitini kwa dakika. Inafuata nini?

Msomi wa Korogwe

Mkuu, hilo swali ni tamu na jibu lake ni fupi. Wanazuoni wa zama za kati walioandika kwa Kilatini walikuwa wanagawa kwa sitini, utaratibu uliotoka Babeli ya kale kwa njia ya wanajimu wa Kigiriki. Ukigawa saa mara ya kwanza kwa sitini unapata pars minuta prima, sehemu ndogo ya kwanza. Ukiigawa hiyo tena kwa sitini unapata pars minuta secunda, sehemu ndogo ya pili. Watu hawapendi majina marefu. La kwanza wakalikata wakabaki na minuta, "ndogo", ndiyo minute. La pili wakalikata wakabaki na secunda, "ya pili", ndiyo second. Kwa hiyo sekunde ni mgawanyo wa pili wa saa. Na waliendelea, kulikuwa na tertia, ya tatu, ambayo ni sekunde moja igawanywe kwa sitini. Hiyo haikupata matumizi ya mitaani.

Maskati Mjini

Assalaam alaykum jamaa. Naongezea hapo kwenye saa, niko Oman na nalisikia kila siku. Kiarabu kinafanya vile vile hasa. Dakika ni daqiqa, na maana yake ni kitu kidogo, chembamba. Sawa na minuta. Sekunde kwa Kiarabu ni thaniya, na maana yake ni "ya pili". Kwa hivyo Mswahili anaposema dakika anasema "kadogo" bila ya kujua, kama Mwingereza anavyosema minute. Lakini ya pili yake hatukuichukua. Wazee wetu walisema nukta, na sasa watu wanasema sekunde.

Kijana wa Ilala

Duh. Wa alaykum salaam mkuu, asante sana. Nimemsomea mdogo wangu hapa yuko kidato cha pili, anataka kujua habari ya third sasa. Anasema kama ni three basi ilitakiwa iwe "thrird" au "threeth".

Msomi wa Korogwe

Mwambie mdogo wako yuko karibu sana na ukweli. Kiingereza cha Kale kilisema thridda. Baadaye ikawa thrid. R ilikuwa mahali pake kabisa, mbele ya irabu, kama kwenye three. Kisha ulimi wa watu wa kaskazini mwa Uingereza ukaanza kubadilishana r na irabu, thrid ikawa third. Kwa muda mrefu zote mbili zilitumika bega kwa bega, na thrid iliendelea kuandikwa hadi miaka ya 1500. Thirteen na thirty nazo zilipita njia hiyo hiyo. Hata bird, ndege, zamani alikuwa brid.

Na kuna jambo zuri la kuliona kwa macho. Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, iligawanywa na walowezi kutoka Skandinavia katika sehemu tatu. Kwa lugha yao theluthi moja waliiita thrithjungr. Waingereza wakaitamka thriding. Sasa sema haraka "North thriding". Th mbili zinagongana, moja inamezwa. "East thriding" na "West thriding", t na th, vivyo hivyo. Watu wakabaki na Riding. North Riding, East Riding, West Riding. Mgeni akiona riding anadhani ni mambo ya kupanda farasi, kumbe ni "theluthi" iliyokatwa kichwa. Mgawanyo huo ulifutwa kiserikali mwaka 1974, ila East Riding ilirudishwa mwaka 1996 na ipo mpaka leo.

Mbongo Hamburg

Wakuu, niko Ujerumani, naomba kuchangia maana Kijerumani na Kiingereza ni ndugu. Huku "wa kwanza" ni erste. Hiyo ni ile ærest ya mkuu Msomi, wa mapema kuliko wote. Wajerumani waliibakiza, Waingereza wakaiacha, ingawa Kiingereza cha vitabuni bado kina erstwhile.

Na first yao je? Ipo huku, ila imepanda cheo. Fürst kwa Kijerumani ni mtawala, mwana wa ukoo wa kifalme. Aliye mbele ya wote. Neno ni lile lile.

Habari ya other pia ipo. Zamani Wajerumani walisema ander kwa maana ya wa pili, sasa wanasema zweite, wametengeneza kutoka zwei, mbili. Lakini moja na nusu mpaka leo wanasema anderthalb, yaani "wa pili ni nusu": cha kwanza kizima, cha pili nusu. Mara ya kwanza kuambiwa nisubiri anderthalb Stunden sikuelewa kabisa, kumbe ni saa moja na nusu.

Msomi wa Korogwe

Mkuu Mbongo Hamburg, shukrani. Hiyo Fürst inathibitisha kwamba neno halikuwa la hesabu. Ni la nafasi mbele ya watu. Na Waswidi na Wadenishi hawajabadilisha hata kidogo: andra na anden kwao ni "wa pili" na "mwingine" hadi leo.

Sasa niingie kwenye fifth, sixth na twelfth, maana hapa ndipo ndimi zetu zinapoteseka na nataka mjue kwa nini.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na makundi mawili. (Nitaandika th mahali pa herufi yao ya zamani.) La kwanza liliishia na th: feortha wa nne, seofotha wa saba, eahtotha wa nane, nigotha wa tisa, teotha wa kumi. La pili liliishia na t: fifta wa tano, sixta wa sita, endlyfta wa kumi na moja, twelfta wa kumi na mbili. Haikuwa ovyo. Kiambishi ni kimoja, cha zamani mno, ndicho hicho t unachokiona kwenye Kilatini quartus, quintus, sextus. Katika lugha za jamii ya Kijerumani t ile ililegea ikawa th, isipokuwa ilipokaa nyuma ya sauti za mpuliziko kama f na s. Hapo ilibaki t. Fif-t, six-t, twelf-t. Jaribuni kutamka: fift, sixt. Rahisi kabisa.

Kisha kuanzia miaka ya 1300 watu wakaanza kusawazisha. Kwa kuwa fourth, seventh na tenth zina th, nazo fift na sixt zikavutwa upande huo. Ilichukua muda mrefu. Mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa London mwaka 1623 una tamthilia iliyoandikwa wazi The Life of Henry the Fift. T, hakuna h. Uskoti bado kuna wanaosema fift na saxt katika lugha yao ya Kiskoti.

Kwa hiyo sixth, neno linalowatoa jasho wanafunzi wetu, lenye k, s na th zilizobanana bila irabu katikati, ni matokeo ya watu kutaka kanuni moja kwa wote. Walipata usawa kwenye maandishi wakapoteza urahisi mdomoni. Mwanafunzi anayesema "sixt" asichekwe. Anatamka kama wenye lugha walivyotamka kwa karne nyingi. Mrekebishe kwa sababu ya mtihani, lakini usimcheke.

Mama Junior

Mwalimu, hapo kwenye kutocheka nakuunga mkono kwa mikono miwili. Naomba basi unisaidie kwenye spelling, maana mwanangu huyu darasa la sita anaandika "fiveth", "nineth" na "twelveth", na kila nikimwambia si hivyo ananiuliza kwa nini, sina jibu.

Msomi wa Korogwe

Mama Junior, mwanao anauliza vizuri. Mjibu hivi.

Five na twelve: zamani ziliishia na f, fif na twelf. F ikikaa katikati ya irabu mbili Waingereza waliitamka v. Namba hizi mara nyingi zilipewa irabu mwishoni, fife, twelfe, f ikawa v, na ndiyo five na twelve za leo. Lakini kwenye fifth na twelfth, nyuma ya f kuna konsonanti, si irabu. Kwa hiyo f haikubadilika. Ni sababu ile ile ya wife kuwa wives na knife kuwa knives, mwonyeshe pale atashika mara moja. Tena irabu ya fif ilikuwa ndefu. Ilipofuatwa na konsonanti mbili ikafupishwa, ndiyo maana hatusemi "faifth".

Ninth: inakosa e, lakini nineteen, ninety na ninetieth zinayo. Hapo hakuna ujanja, ashike hivyo hivyo kwamba ni ninth peke yake inayoiangusha.

Eighth: ingepaswa kuwa na t mbili, eight na th. Kwenye maandishi t moja imemezwa. Wengi bado wanaitamka, eit-th.

Twentieth, thirtieth: y inageuka ie. Zamani kulikuwa na silabi nzima pale, twentigotha, ndiyo maana hadi leo twentieth ina silabi tatu.

Bint Likoni

Kaka, umesema teotha ni wa kumi. N imekwenda wapi, na imerudi vipi kwenye tenth?

Msomi wa Korogwe

Swali la mtu anayesoma kwa makini. N ilipotea zamani sana mbele ya th, ndiyo maana seofotha, nigotha na teotha hazina n. Baadaye watu wakazitengeneza upya kwa kutazama seven, nine na ten: seventh, ninth, tenth. Lakini teotha ya zamani haikufa. Ilikuwa imeshaingia kanisani kama jina la kile kinachotolewa, sehemu ya kumi ya mazao, na huko ikabaki bila n. Leo inaandikwa tithe. Fungu la kumi. Kwa hiyo tenth na tithe ni neno moja lililogawanyika: moja likarekebishwa kwa ajili ya hesabu, jingine likaachwa kwa ajili ya sadaka.

Maskati Mjini

Na ushuru wetu, jamaa! Ushuru umetoka kwenye Kiarabu ushr, sehemu moja ya kumi. Anayelipa ushuru sokoni leo, iwe asilimia ngapi, kwa asili ya neno analipa ya kumi.

Msomi wa Korogwe

Sahihi kabisa sheikh. Ongeza dime ya Marekani, senti kumi, kutoka Kilatini decima, ya kumi, kupitia Kifaransa. Na farthing ya Uingereza, robo ya peni, ni feorthing, "ya nne". Ilitumika hadi mwisho wa mwaka 1960. Kiingereza huhesabu mafungu kwa namba hizi hizi za nafasi: a third, a fifth, a tenth. Second peke yake haiwezi kazi hiyo. Hakuna "one second" yenye maana ya nusu. Nusu ina neno lake, half, kama sisi tulivyo na nusu, theluthi na robo kutoka Kiarabu.

Kijana wa Ilala

Wakuu, kuna jamaa hapa ofisini anabisha kwamba noon nayo ni namba. Nikamwambia noon ni saa sita mchana, namba gani hiyo? Naombeni msaada.

Msomi wa Korogwe

Mkuu, jamaa yako yuko sahihi, na kwa Mswahili hili ni rahisi kulielewa kuliko kwa Mwingereza mwenyewe.

Noon ni nona hora, saa ya tisa. Warumi walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama sisi tunavyofanya hadi leo. Saa ya tisa yao ilikuwa saa tisa yetu alasiri. Fungua Injili ya Mathayo, sura ya 27, mstari wa 45, giza linaanza saa sita na kuendelea hata saa tisa. Mswahili anasoma na kuelewa papo hapo, jua la utosini mpaka alasiri. Msomaji wa Kiingereza akikuta "sixth hour" na "ninth hour" inabidi aelezwe pembeni kwamba si saa za asubuhi.

Kanisa lilikuwa na sala kwa saa hizo, ya saa ya tatu, ya sita na ya tisa. Ile ya tisa, nona, ikaingia Kiingereza cha Kale kama non, ikimaanisha saa tisa alasiri. Kidogo kidogo sala na mlo uliofungamana nayo vikasogezwa mapema, na jina likasogea navyo, mpaka kufikia miaka ya 1300 noon ikawa katikati ya mchana. Waispania nao wana siesta, usingizi wa mchana, kutoka sexta hora, saa ya sita. Hao hawakuhama. Siesta ni saa sita, na mchana wa saa sita ndipo jua linapowalaza.

Mbongo Hamburg

Hii ya noon nimewatumia wanangu, waliozaliwa huku, ambao kila siku wananilaumu kwamba saa ya Kiswahili "imegeuzwa".

Nyamisati

Nimefuatilia uzi wote kimyakimya. Naomba la mwisho kwangu. Kwa nini 11th, 12th na 13th zinaandikwa th wakati 21st, 22nd na 23rd zinafuata st, nd na rd? Kwenye barua za ofisi nimeona mtu kaandika "11st March", tena barua yenyewe imepigwa mhuri.

Msomi wa Korogwe

Mkuu Nyamisati, herufi hizo mbili ni mkia wa neno lenyewe, si wa tarakimu. Usiangalie namba inavyoonekana, lisome neno hadi mwisho. First inaishia st. Second nd. Third rd. Eleventh, twelfth na thirteenth zote zinaishia th. Kwa hiyo 11th, 12th, 13th, na 111th pia, maana ni one hundred and eleventh. Twenty-first inaishia first, basi 21st.

Eleven yenyewe haina one inayoonekana kwa sababu ni neno la zamani, endleofan, "mmoja aliyebaki": umehesabu vidole kumi vikaisha, amebaki mmoja. Twelve ni "wawili waliobaki". Ndiyo maana hakuna "oneteen" wala "twoteen", na kwa kuwa one na two zimejificha ndani, first na second hazina pa kuingilia.

Na msidhani twenty-first imekuwapo hivyo siku zote. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye kitabu cha Hagai, sura ya 2, inasema "the one and twentieth day of the month". Moja inatangulia, ishirini ndiyo inayobeba mkia. Kwa mtindo ule 21st ingeandikwa 21th, na mwenye ile barua ya mhuri angeandika 21th bila mtu kumgusa. Hiyo 11st yake lakini isingekubalika karne yoyote.

Nyamisati

Nimeelewa mkuu, soma neno, usisome tarakimu. Jumatatu naipeleka hii kwa katibu muhtasi wetu.